Dakika Mbili za Rodney Whitlam

Avril Sugden alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kuona kitu kizima bila kwanza kuona kilipoharibika. Aliurithi kwa mama yake. Mama huyo alikaa miaka thelathini na moja mbele ya dirisha la kiwanda cha sufu mjini Huddersfield, akipapasa vitambaa kwa ncha za vidole kutafuta uzi uliokatika, na jioni alirudi nyumbani na vidole vile vile akapapasa maisha ya familia yake. Baba hakuwahi kufunga tai akapita salama. Avril akakulia humo, na alipofika miaka ishirini na miwili akapata kazi iliyomfaa kuliko zote duniani, yaani ya kulipwa ili awaambie watu wamekosea.

Kazi yenyewe iliitwa mwendelezo. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Mtu anaweza kufungua mlango Jumatatu akaingia ndani Alhamisi ya wiki ya pili, na lazima awe na tai ile ile, jasho lile lile, na sigara iliyoungua kwa urefu ule ule. Anayeyakumbuka yote hayo ni mtu mmoja anayekaa kwenye kiti cha kukunja karibu na kamera, daftari magotini, stopwochi shingoni. Kwa filamu tisa kati ya kumi na moja za Rodney Whitlam, mtu huyo alikuwa Avril.

Aliwahi kuolewa. Mume aliitwa Derek, fundi wa taa, mtu mpole, akavumilia miaka saba. Lakini mwanaume gani atakaa na mke anayekumbuka shati alilovaa siku aliyodanganya, na vifungo vingapi vilikuwa wazi? Derek alihamia Leeds kwa mwanamke aliyekuwa akisahau hata alikoegesha gari. Avril hakulia sana. Wivu wake hakuuweka kwa Derek. Aliuweka mahali pengine, na aliutunza vizuri.

Aliuweka kwa Rodney, mtoto wa muuza nyama wa Halifax. Walianza pamoja mwaka 1974, wote wawili hawana kitu, wakigawana mkate wa bekoni saa kumi na mbili asubuhi kando ya gari la chakula huku mvua ikiwaingia kwenye viatu. Rodney hakujua kamera inawekwa wapi. Avril ndiye aliyekuwa akimnong'oneza, "Rod, huyu alitazama kushoto jana. Ukimgeuza leo, wataonekana wamenuniana." Rodney anashtuka, anageuza kamera, kisha anatangaza kwa sauti kubwa kama wazo limemjia mwenyewe. Avril anaandika saa na dakika.

Filamu ya kwanza iliitwa Kizingiti cha Bibi Lumb, na humo ndimo kinyongo kilimozaliwa. Kuna pahali mjane ameketi jikoni, polisi anaingia kumwambia mumewe amefia mgodini. Polisi anapoingia kikombe cha chai kimejaa hadi ukingoni. Picha inayofuata, ya uso wa mjane, kikombe ni kitupu na kikavu, na hakuna aliyekunywa. Mtu wa vyombo alikiosha wakati wa mapumziko. Avril alikiona. Alipiga kelele. Lakini jua lilikuwa limeshaondoka, na jiko lile walikuwa wameazimwa kwa siku ile moja tu. Akaandika kwenye ripoti kwa wino mwekundu: KIKOMBE. ISITUMIKE.

Hazel Prendergast akaitumia.

Hazel alikuwa mhariri, yule anayekaa gizani na mikasi baada ya wengine kwenda nyumbani, akiunganisha vipande hadi vikawa filamu. Msichana mwembamba wa Cornwall, mwenye kicheko cha mtu asiyejua aibu. Alisoma wino mwekundu, akatazama kikombe, akasema, "Mbona ndiyo nzuri hii?" Na wakosoaji wa London wakaiona, wakazimia. Mmoja aliandika safu nzima ya gazeti kuhusu kikombe kile: eti huzuni imekunywa chai, eti wakati umekauka, eti kijana huyu wa Halifax ameleta kitu kipya. Mwaka uliofuata Rodney akapewa sanamu ya dhahabu kama mwongozaji bora, na Hazel akapewa ya kwake kama mhariri bora. Kwa mwendelezo hapakuwa na sanamu. Haijawahi kuwapo.

Hebu fikiria. Kosa moja tu lililompita Avril maishani, tena halikumpita, alilikamata kwa shingo, na ndilo lililowapa wenzake utukufu. Alipiga makofi ukumbini hadi viganja vikawaka. Alirudi nyumbani kwake akafungua kabati la jikoni, akamimina chai yote iliyokuwamo kwenye ndoo ya taka, na wiki mbili akawa anakunywa maji ya moto.

Tuzo zikaendelea kuja. Rodney akatengeneza filamu moja kila baada ya miaka mitatu, na karibu kila moja ikamletea kitu cha kubeba: sanamu, bamba, bakuli la kioo. Malkia akampa nishani. Na kwa kuwa Waingereza wanaona haya kuonyesha walicho nacho, ila pia hawataki kisionekane, Rodney aliziweka zote chooni. Kwenye kile choo cha chini, karibu na mlango wa mbele wa nyumba yake ya Ilkley, juu ya rafu iliyo mkabala na kiti, ili kila mgeni akikaa azitazame kwa starehe zake. "Ah, hizo?" Rodney alikuwa akisema. "Sikujua pa kuziweka, bwana."

Kila mgeni wa nyumba ile alichelewa chooni. Kila mmoja alijua mwenzake anafanya nini mle, na hakuna aliyesema: unafunga mlango, unanyanyua ile kubwa, unajitazama kwenye kioo, unawashukuru mama yako na watu wote wa Yorkshire. Avril naye alifanya. Alifanya kila alipokwenda, miaka thelathini na kitu. Hotuba yake ilikuwa fupi na haikuzidi sekunde ishirini, maana aliipima. Akimaliza anairudisha sanamu mahali pake hasa, ikitazama upande ule ule, wala vumbi halikujua kama imeguswa.

Haikuwa sanamu aliyoitaka. Sanamu alishaikatia tamaa. Alichokuwa akikitaka, na kilichomkaa kooni, ni jina. Alitaka Rodney asimame mbele ya watu aseme "Avril Sugden," basi, wasikie.

Na Rodney alitaka kulisema! Hilo ndilo lililomtia wazimu. Mara tatu aliliandika kwenye hotuba yake. Lakini mara zote tatu aliliweka mwisho, "na mwisho kabisa, mtu ambaye bila yeye," na mara zote tatu alipofika hapo taa nyekundu ya meza kuu ilikuwa imeshawaka, kipaza sauti kimezimwa, na mwenye shughuli anamwongoza kwa kiwiko kushuka ngazi. Jina la Hazel lilikuwa katikati, likipita kila mara. Avril ameketi mezani, uso umetengenezwa tayari kupokea, halafu hakuna kitu. Inabidi aubomoe polepole watu wasione.

Mwaka ambao Rodney alifikisha sabini, chama cha watu wa filamu kikaamua kumpa tuzo ya kazi ya maisha yake yote, kwenye chakula cha mchana huko London, mwezi Machi. Wiki mbili kabla, alimwita Avril Ilkley. Alikuwa amevaa sweta lenye tundu kwenye kiwiko cha kulia, na mezani alikuwa ameweka chai na karatasi nne za maandishi.

"Mama, niokoe," akasema. "Wamenipa dakika mbili. Mbili! Wakiona ya tatu inaingia wanawasha ile taa yao. Nipimie."

"Soma basi."

"Sisomi. Nikisoma mara mbili siku yenyewe nitasoma kama nasoma bei ya nyama. Soma wewe, pima wewe, kata wewe. Utakachonipa kwenye kadi ndicho nitakachosema."

"Nikate nini?"

"Wewe unajua. Usiguse tu Marjorie." Marjorie alikuwa mkewe, amefariki miaka miwili. "Wala yule mwenye pesa, bado nataka filamu moja kwake. Kwingine kote kata. Umewahi kukosea lini wewe?"

Akaondoka kwenda kumwagilia maua yake, akamwacha na karatasi.

Avril alibonyeza stopwochi akasoma kwa mwendo wa Rodney, pamoja na pumzi zake na kikohozi chake. Dakika mbili na sekunde hamsini na moja. Marjorie sekunde ishirini na tano. Mwenye pesa kumi. Waigizaji thelathini. Utani kuhusu baba muuza nyama, ishirini. Na katikati, mahali pake pa siku zote, Hazel.

Hazel sekunde arobaini na nne. Mistari minane. Rodney aliandika kwamba yote anayoyajua kuhusu filamu alifundishwa na mwanamke huyo siku aliyokataa kutupa picha mbovu. Kwamba alikuwa anakwenda kwake na vipande vilivyokufa, naye anamrudishia watu hai. Kwamba macho yake sasa yanaondoka, na kila picha ambayo yeye Rodney amewahi kusifiwa kwayo ilionwa kwanza na macho hayo.

Halafu, mwisho kabisa: "Na Avril Sugden, ambaye kwa miaka thelathini na mitano hakuniacha nidanganye hata kwa kifungo cha shati. Avril, kila kilicho sahihi ni chako." Sekunde kumi na mbili, mistari miwili.

Alihesabu mistari tena, minane na miwili. Wivu ukampanda kama maji ya moto, umri wake miaka hamsini na saba, peke yake kwenye meza ya mtu.

Mpimaji mwaminifu angefanyaje? Avril alijua, msidhani hakujua. Angekata utani wa baba, sekunde ishirini hizo. Angepunguza waigizaji hadi kumi na tano, Hazel hadi thelathini, mengine machache huku na kule, na wote wangetosha ndani ya dakika mbili kama watu kwenye benchi wakisogeleana. Kazi ya dakika kumi. Kalamu yake ilikwishaanza kuelekea huko.

Kisha akafikiri: ana sanamu yake tayari. Ametajwa mara tatu. Anataka nini tena?

Akaweka rula akapiga mstari juu ya Hazel wote, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta. Akapunguza sekunde saba kwa waigizaji. Akaacha utani wa baba. Akapima tena: dakika mbili kamili, jina lake likiishia kwenye sekunde ya mia moja na kumi na tisa. Akanakili kwenye kadi kwa mwandiko mkubwa ambao Rodney aliweza kuusoma bila kuhangaika, na zile karatasi nne akazitia kwenye mkoba wake.

"Imeingia?" Rodney akauliza akirudi, matope kwenye viatu.

"Imeingia."

"Nakupenda, bibi wewe."

"Umevaa sweta kinyume," akasema Avril.

Siku ya hafla alikuta wamempanga meza ya tatu kutoka mbele, na kiti cha kulia kwake kina kadi ya Hazel Prendergast. Hakutegemea. Hazel alikuwa hatoki tena Cornwall, aliambiwa hivyo. Lakini huyo hapo, amevaa gauni la bluu, mkono kwenye bega la binti yake Imogen, anakuja akigonga viti vya watu na kuwaomba radhi kwa kicheko.

"Nani huyu? Avril? Ndiyo wewe, nasikia harufu ya ile sabuni yako. Shoga, bado unaitumia?"

"Bado. Umefikaje?"

"Saa sita kwenye treni! Imogen amenibeba kama mzigo. Nikamwambia, nisipokwenda hii, nitakwenda ipi?" Akaketi, akapapasa meza mpaka akaipata glasi. "Rod alinipigia simu, unajua. Akasema, njoo, nimekuandikia kitu. Mistari mingi, akasema, hutaamini. Rod na maneno, mwenzangu! Hajawahi kuniambia hata asante nzima."

Avril akasema kuku amekuja.

Kuku alikuwa mkavu na viazi vya maji. Avril hakula. Bado kulikuwa na nafasi; Rodney alikuwa ameketi meza kuu, hatua kumi na tano, na karatasi zilikuwa kwenye mkoba wa Avril chini ya kiti. Angeweza kuinuka tu. Wahudumu walipokuja kuondoa sahani alisogeza kiti, akashika mkoba, akawa nusu amesimama.

"Unakwenda chooni?" Hazel akauliza. "Usikose. Ukikosa, mimi nani ataniambia Rod amesimama vipi?"

Akaketi. Ukweli ni kwamba alifurahi kupata sababu.

Rodney alipoitwa, ukumbi mzima ulisimama. Akapanda taratibu, akavaa miwani, akatoa kadi. Akaanza na baba muuza nyama, watu wakacheka. Akamtaja Marjorie, watu wakanyamaza. Akamtaja mwenye pesa. Akaingia kwa waigizaji.

"Sasa hivi," Hazel akanong'ona. Alikuwa amekaa mbele ya kiti, shingo imenyooka, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio zuri. Imogen alikuwa ameshainua simu kumrekodi mama yake akisikia.

Rodney alifika mwisho wa waigizaji. Akasita. Kwa pumzi moja akaitazama kadi kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Kisha Rodney akaendelea.

"Na Avril Sugden," akasema.

Miaka thelathini na mitano. Sauti yake ilikuwa nzuri siku ile, nzito, ya Halifax, kila herufi imesikika hadi milangoni. Alilisema lote kama lilivyoandikwa, hakuniacha nidanganye, kila kilicho sahihi ni chako. Watu waligeuka. Meza nzima zilisimama kumpigia makofi mwanamke ambaye nusu yao hawakuwahi kumwona. Taa nyekundu haikuwaka.

Avril hakusikia makofi vizuri. Alikuwa akimtazama Hazel, kwa sababu macho yake hayakujua kutazama kitu kingine ila kilichoharibika. Aliona uso ule uliotengenezwa tayari. Aliujua, ulikuwa wake mwenyewe mara tatu. Aliona Hazel anavyoubomoa, kwanza mdomo, kisha nyusi, taratibu, ila yeye hakuwa akiona ni nani anamtazama, kwa hiyo hakuficha vizuri. Imogen alishusha simu.

Kisha mkono wa Hazel ukatafuta kwenye kitambaa cha meza, ukapita vijiko, ukaupata mkono wa Avril, ukaubana.

"Umesikia, shoga?" akasema. "Umesikia hiyo? Ilikuwa haki yako. Ilikuwa haki yako tangu zamani."

Rodney alishuka na sanamu kwapani, akapita katikati ya watu waliomshika mabega, akaja moja kwa moja kwenye meza yao. Alimbusu Avril. Alimgeukia Hazel, na hapo uso wake ukabadilika.

"Hazel. Mbona sikukusema?"

"Achana nayo, Rod."

"Nilikuandikia. Nilikuandikia mengi kuliko wote."

"Mama amesafiri saa sita," Imogen akasema, na sauti yake haikuwa ya adabu. "Amenunua gauni."

"Imogen, mwanangu, basi," Hazel akasema.

Rodney akapapasa mfuko wa koti. Kadi alikuwa ameiacha kule juu, na mtu mwingine alishapanda kuzungumza. Miaka sabini, na hofu ya miaka sabini ilikuwa wazi usoni: kwamba akili imeanza kuondoka kama ya baba yake ilivyoondoka, jina moja baada ya jingine.

"Ilikuwemo kwenye kadi?" akamuuliza Avril. "Mama, niambie. Haikuwemo, au nimeruka?"

Meza yote ikamtazama. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi juu ya jibu. Kwa miaka thelathini na mitano, alichosema Avril ndicho kilichotokea. Mkoba ulikuwa unagusa kisigino chake.

"Ilikuwemo," akasema. "Umeruka."

Rodney akafumba macho. Akaiweka sanamu sakafuni, akapiga goti moja mbele ya kiti cha Hazel, mzee mzima, mbele ya watu mia tatu, akaanza kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Imogen alimwangalia Avril kwa muda, kisha akamwinamia mama yake na kuuliza kama kweli aliruka, au vipi.

"Avril amesema," Hazel akajibu. "Kama Avril amesema, ndivyo ilivyokuwa."